Marehemu Hakuwa Mshiriki Hai

Mjadala wa mapokeo ya wanadamu na amri za Mungu umezoea kwenda njia moja. Mmoja anauliza, "Hilo limeandikwa wapi?" Mwenzake akikosa aya, kesi imekwisha. Kwa kipimo hicho rozari inaanguka, Krismasi ya tarehe 25 Desemba inaanguka, na joho la mchungaji nalo linaanguka. Tukiwa wakweli, shule ya Jumapili haisalimiki pia, kwa kuwa ilienea kutokana na juhudi za Robert Raikes wa Gloucester, Uingereza, kuanzia mwaka 1780. Hata ule utaratibu wa kuwaita watu mbele mwishoni mwa mahubiri, ambao wengi wanadhani umetoka moja kwa moja katika Matendo ya Mitume, ulishika kasi Marekani katika karne ya 19, kwenye mikutano ya wahubiri kama Charles Finney. Mtu anayejigamba kwamba kanisa lake halina mapokeo, mara nyingi anayo tele, ila yake bado ni machanga na hajayazoea kuyaita kwa jina hilo.

Yesu mwenyewe hakutumia kipimo hicho. Alikuwa na desturi ya kwenda sinagogi siku ya Sabato, ingawa hakuna mahali katika Torati panapoamuru sinagogi zijengwe. Yohana sura ya 10 inamwonyesha akitembea hekaluni majira ya baridi, wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, na sikukuu hiyo haikuagizwa na Musa. Iliwekwa na Wamakabayo baada ya kulitakasa hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo. Kubwa zaidi ni lile la mezani, usiku wa Pasaka. Kutoka sura ya 12 inaagiza mwanakondoo, mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, lakini haitaji kikombe cha divai. Kikombe kiliingia baadaye, kwa mapokeo ya wazee. Na kikombe hichohicho ndicho Yesu alichokishika usiku ule akakifanya cha agano jipya. Anayetaka kufuta kila jambo lisiloamriwa atafika mpaka kwenye Meza ya Bwana, na sijui ataishia wapi.

Basi ni nini kilichomkasirisha Yesu katika Marko sura ya 7? Ugomvi ulianza na kunawa mikono, lakini yeye hakukaa hapo. Aliuhamishia kwenye korbani. Mtu aliweza kutamka kwamba mali ambayo wazazi wake wangenufaika nayo sasa ni sadaka kwa Mungu, na tangu siku hiyo baba na mama hawakuwa na haki ya kuigusa. Si hadithi ya kuwasingizia Mafarisayo. Katikati ya karne iliyopita lilipatikana karibu na Yerusalemu sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa, na juu yake pameandikwa kwa Kiaramu onyo kwamba chochote chenye faida kilichomo humo ni korbani kwa Mungu kutoka kwa aliyelazwa ndani. Watu walikuwa wakilitumia tamko hilo kama kufuli. Na waliolitetea walikuwa na aya: Hesabu sura ya 30 inasema wazi kwamba mtu akiweka nadhiri asilitangue neno lake. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mapokeo yanayoumiza hayaji mikono mitupu. Huja na andiko. Kwa hiyo swali la "limeandikwa wapi?" lingewapa ushindi wenye korbani.

Kwa haki, niseme pia kwamba Wayahudi wenyewe waliliona tatizo. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 hivi baada ya Kristo, inasimulia mabishano ya walimu kuhusu kufungua nadhiri, na inasema walikubaliana kwamba nadhiri inayomgusa mtu na wazazi wake inaweza kufunguliwa kwa ajili ya heshima ya baba na mama. Wahubiri wetu wanaolitumia neno "Farisayo" kama tusi wangefanya vema kukumbuka kwamba warithi wa Mafarisayo walijirekebisha.

Ninachokiona katika korbani ni kipimo kingine: utaratibu wa dini unapogongana na amri, nani anaumia? Kule walioumia ni wazee wawili nyumbani, wasio na kauli, na sadaka ilionekana safi kabisa. Kamba hukatikia pembamba. Tukishika kipimo hicho, tunaweza kuiacha rozari na joho vipumzike, tukaangalia mahali ambapo mtu anaumia kweli, nami sioni mahali panapostahili kuangaliwa kuliko msibani.

Kila aliyezoea misiba ya Kikristo kwetu anaujua utaratibu huu. Marehemu amelala mochwari, ndugu wamekaa chini ya turubai, kamati imeshagawana kazi za jeneza, usafiri na chakula. Ujumbe unakwenda kanisani kuomba ibada. Kabla ya paroko au mchungaji kusema neno, anaitwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo na daftari lake. Humo mna majina, na mbele ya kila jina alama za vema za kila mwezi: zaka, ujenzi, mavuno, na mahudhurio ya sala za wiki. Mistari ya marehemu ikiwa mitupu, jibu linakuja kwa maneno ya upole: hakuwa mshiriki hai. Katekista au mzee wa kanisa ataongoza sala fupi nyumbani, lakini jeneza halitaingia kanisani. Mahali pengine mlango unafunguka watoto wakishalipa malimbikizo ya michango ya mzazi wao. Si kila parokia wala kila usharika unafanya hivyo, na wapo viongozi wanaoukataa utaratibu huu waziwazi. Lakini umeenea kiasi kwamba watu wazima hulipa zaka kwa hofu ya siku ya kuzikwa, na hawaoni haya kulisema.

Jumuiya zenyewe ni jambo jema. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, wakitaka Kanisa liwe la majirani wanaojuana, wanaosoma Neno pamoja na kuuguzana. Lengo lilikuwa kwamba asiwepo Mkristo anayeugua peke yake katika parokia yenye maelfu ya watu. Ni mapokeo ya wanadamu, na ni mazuri. Kilichoharibika ni pale daftari la kumjua jirani lilipogeuzwa daftari la kumhukumu.

Sheria yenyewe ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haiungi mkono hukumu hiyo. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa maiti kwa nia ya kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waamini. Na hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Asiyelipa mchango wa ujenzi hayumo. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaonya kusiwe na upendeleo, na maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1183 inakwenda mbele zaidi: mkatekumeni ambaye hajabatizwa anahesabiwa kama mwamini katika jambo la mazishi. Hivyo mtu asiyewahi kutia hata senti katika bahasha, na asiyekuwa bado na jina katika kitabu cha ubatizo, anazikwa na Kanisa. Aliyebatizwa akaishiwa ndiye anayewekwa nje. Tukirudi kwenye Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inaagiza hata mhalifu aliyeuawa kwa haki na kutundikwa mtini azikwe siku ileile.

Najua jibu la viongozi, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema kanisa halijengwi kwa hewa. Wapo wenye uwezo wanaojificha mwaka mzima, wanaonekana kwenye ndoa na misiba tu, na wakizikwa sawa na waliotoa jasho, nani atajitoa tena? Wanaongeza aya: Malaki sura ya 3 kuhusu zaka, na Paulo kwa Wathesalonike kuhusu asiyetaka kufanya kazi. Nakubali kwamba kutoa ni wajibu. Yesu aliwaambia wenye kutoa zaka ya mnanaa na bizari kwamba walipaswa kuitoa, bila kuacha adili, rehema na imani. Lakini adhabu hii haimfikii mtegaji. Yeye ameshakufa. Inamfikia mjane na watoto, siku ambayo hawana nguvu ya kujadiliana na mtu, tena mbele ya majirani. Isitoshe, daftari halijui kutofautisha tajiri mkaidi na mama aliyekuwa akiuza mchicha akaugua miaka miwili. Na yule tajiri, tusidanganyane, huwa hakosi mtu wa kumlipia malimbikizo asubuhi hiyohiyo, na jeneza lake likaingia kwa mlango mkubwa.

Kuna andiko jingine linalopendwa sana siku za harambee, la mjane na senti zake mbili, mwisho wa Marko sura ya 12. Husomwa kuanzia aya ya 41. Ukianza aya tatu nyuma, unamkuta Yesu akiwalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane na kujifanya wanasali sala ndefu. Ukiendelea mpaka mwanzo wa sura ya 13, unamkuta akisema kwamba jengo lile lililopokea senti za mjane halitaachiwa jiwe juu ya jiwe. Mjane anasifiwa, bila shaka. Walioipokea sadaka yake hawasifiwi.

Wengine wataogopa kwamba daftari likifutwa utaratibu wote utasambaratika. Sidhani kuna haja ya kulifuta. Mwenyekiti anayeweza kusema siku ya msiba kwamba bahasha ya marehemu haikurudi tangu Pasaka, alilijua jambo hilo tangu Pasaka. Jumuiya husali nyumba kwa nyumba kila wiki, na nyumba ile haikuwa mbali. Alikuwa na miezi yote hiyo ya kwenda kugonga mlango, ajue kama ni ukaidi, au ugonjwa, au kazi imekwisha, na kila kimojawapo kina amri yake katika Injili: mkaidi aonywe kwa faragha kama Mathayo sura ya 18 inavyoelekeza, mgonjwa atembelewe, mwenye njaa alishwe. Daftari lilikuwa na taarifa hiyo wakati mwenye jina bado anapumua.