Yule Mmoja Uliniwekea Wapi?



Mhariri aliponiomba niandike juu ya kusema kweli, nilidhani ni kazi nyepesi. Nimefundisha walimu chuoni kwa miaka mingi, na habari za kweli na uongo nilizisema mara nyingi mbele ya darasa. Lakini nilipokaa kuandika, nikakumbuka kwamba tendo moja linalonisumbua mpaka leo halikuwa uongo. Kila neno nililosema siku ile lilikuwa kweli.

Mwaka 1998 dada yangu mkubwa alionekana kuwa na uvimbe tumboni. Daktari aliyempima alikuwa mgeni, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, basi mimi nikawa mkalimani. Alisema kwa Kiingereza, polepole na kwa huruma, kwamba kwa sababu ya presha na udhaifu aliokuwa nao dada, katika watu kumi wa hali yake wanaopasuliwa, mmoja hufa. Akaongeza kwamba asipopasuliwa, uvimbe utazidi kukua na siku zake hazitakuwa nyingi. Kisha akanyamaza, akiningoja nifasiri. Nikamgeukia dada nikasema, "Dada, daktari anasema ugonjwa huu usipotolewa utakumaliza. Ukipasuliwa, katika watu kumi, tisa wanapona na kurudi kwao."

Hesabu ni ile ile. Lakini nilijua nafanya nini. Dada yangu ni mtu wa hofu, na nilikuwa na hakika kwamba akisikia tu kuwa kisu nacho chaweza kumwua, atakunja khanga zake arudi nyumbani siku ile ile. Nilitaka akubali. Akakubali, akatia kidole gumba kwenye karatasi, akapasuliwa, akapona. Kijijini nilisifiwa kwa kumpeleka hospitali, nami nikazipokea sifa zile bila kusema neno.

Miaka ikapita. Mtoto wa mmoja wetu akasomea uuguzi, na siku moja katika mazungumzo akamweleza dada jinsi upasuaji wa namna ile ulivyo na hatari. Jioni moja tulikuwa tukipukuchua mahindi, naye akaniuliza bila kuinua macho, "Mdogo wangu, yule mmoja uliniwekea wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema hata angelimjua yule mmoja, bado angelikubali kupasuliwa. Ila kwanza angeliwaita watoto wake, angelimwomba Padre aje amwungamishe na kumpa Sakramenti, na angelisema shamba la minazi ni la nani. "Uliniingiza mle," alisema, "kama mtu anayekwenda sokoni."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejitayarisha kujitetea kwamba nilimwokoa, kumbe halikuwa hilo alilonishitaki.

Baadaye nilisoma habari ya uchunguzi uliochapishwa huko Marekani mwaka 1982, na niliposoma nilihisi kama nimeandikwa mimi. Barbara McNeil na wenzake, mmoja wao akiwa Amos Tversky, waliwaeleza watu habari za kansa ya mapafu na matibabu yake mawili: upasuaji na mionzi. Upasuaji huwapa wagonjwa nafasi kubwa zaidi ya kuishi miaka mingi, lakini baadhi yao hufa katika upasuaji wenyewe. Kundi moja likasomewa hesabu ya walio hai: katika wagonjwa 100 wanaopasuliwa, 90 hutoka salama. Kundi la pili likasomewa hesabu ya waliokufa: katika 100, hufa 10. Waliosomewa habari za walio hai, 18 tu katika kila 100 walichagua mionzi. Waliosomewa habari za waliokufa, walioikimbilia mionzi walikuwa 44 katika kila 100. Tena walioulizwa hawakuwa wagonjwa peke yao. Walikuwamo wanafunzi wa chuo kikuu, na walikuwamo madaktari wenyewe, watu ambao hesabu hizi ndizo kazi yao, nao waliyumbishwa vile vile.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba dada angeweza kutoa tisa katika kumi akabaki na moja. Ikiwa daktari hafanyi hesabu hiyo akiwa mzima kitini, ataifanyaje mgonjwa aliye kitandani? Nami nilijua kwamba hataifanya. Nilimtegea hapo.

Mtasema, basi, mtu aongeeje? Hakuna maneno yasiyo na upande. Tukisema paa la kanisa limechangiwa nusu, tumewatia watu moyo. Tukisema imebaki nusu, tumewahimiza. Chuoni niliwafundisha vijana kwamba mtoto akipata 8 katika 20, usimwandikie mzazi kuwa amekosa 12 ukakomea hapo, kwa maana fimbo itafanya kazi usiku ule. Andika kwamba amepata 8 katika 20, na kwamba mwezi uliopita alipata 5. Hilo sijalitubia hata leo. Mzazi yule ameona 8, ameona 20, na ameongezewa jambo la tatu ambalo hakulijua. Hakufichwa kitu.

Nimerudia kusoma habari ya wapelelezi kumi na wawili katika kitabu cha Hesabu. Walikwenda pamoja siku arobaini, wakaona nchi moja, wakarudi na kichala kimoja cha zabibu, na mwanzoni hawakubishana kuwa nchi ni njema. Walitofautiana juu ya lipi litangulie na lipi likaziwe, matunda au ukubwa wa wenyeji, na kwa sababu hiyo taifa zima lililia usiku kucha. Zamani nilidhani Kalebu na Yoshua ndio waliosema kweli, wale wengine wakasema uongo. Siku hizi naona kwamba hao kumi walianza na kweli tupu. Uongo ulikuja baadaye, kuitegemeza hofu.

Halafu yuko Nathani. Huyu naye alimwendea Daudi kwa kuzunguka, akamsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake, makusudi kabisa, ili mfalme ahukumu bila kujikinga. Ikiwa ni hila, ni hila. Lakini Daudi alipokwisha kuhukumu, Nathani hakwenda zake. Alimfunulia pale pale kwamba habari ile ni yake mwenyewe. Mimi sikumfunulia dada, hata alipopona, hata baada ya miaka. Kama isingalikuwa yule muuguzi, ningalikwenda nayo kaburini, na nadhani ningaliiita upendo.

Na upendo ulikuwamo, sikatai. Ila nilipenda uhai wake kuliko nilivyomheshimu yeye mwenyewe. Nilimwona kama mtoto wa darasa la kwanza, yeye aliyenibeba mgongoni.

Mwaka jana dada alipata mtoto wa jicho. Daktari wa sasa anasema Kiswahili safi, lakini masikio ya dada yamechoka, hivyo ilinibidi tena nirudie maneno karibu na sikio lake. Nikamwambia: wengi wakitibiwa huona vizuri, wachache hupata madhara, na wengine huweza kulipoteza jicho lenyewe. Nikayasema yote mawili kwa sauti ile ile, na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kidogo.

Akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Na wewe, mdogo wangu, waonaje?"

Nikamwambia naona atibiwe, na kwamba hayo ni maoni yangu mimi, si ya daktari. Akasema atalala nalo usiku huo, na kwamba kesho nimwitie Padre.