Je, Tunapaswa Kumngoja Anayebaki Nyuma?



Wengi wenu hutuona Jumamosi asubuhi tukipita barabarani, watu ishirini na kitu, wazee wakiwa na fimbo, wamama wamefunga vitenge vizuri kiunoni. Hatuna jembe, hatuna jerikani, hatuna hata mfuko. Vijana wa bodaboda hutuuliza, "Munaenda wapi?" Tukijibu kwamba hatuendi mahali popote, tunatembea tu, wanacheka mpaka pikipiki inayumba. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia wazi, "Papa Pasta, mimi kutoka Masisi mpaka hapa nimekwisha kutembea sehemu yangu ya maisha yote. Kutembea bila sababu tuwaachie Wazungu." Sikumkatalia.

Leo nataka kuandika juu ya kikundi hicho cha matembezi, kwa sababu kimeniletea swali ambalo katika Chuo cha Biblia hatukulisoma, nami nimelibeba kwa miezi mingi. Watu wakitembea pamoja, na mmoja akashindwa mwendo, je, wenzake wanapaswa kumngoja? Na kama hawakumngoja, wametenda dhambi?

Kwanza niwaeleze kikundi kilivyo. Kilianza kwa sababu ya presha na sukari. Muuguzi mmoja alikuja kuongea na wamama wa kanisa, akawaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima autumikishe mwili angalau dakika 150 kwa juma, kwa mfano kwa kutembea haraka kidogo. Wamama wakamjibu, "Sisi tunachota maji na kulima, hiyo haitoshi?" Akacheka, akasema kwa wengi wao inatosha, lakini yeye anawatafuta wale wanaoshinda wameketi mlangoni wakiwaza. Hapo watu wakanyamaza, maana kila mtu alikuwa na mmoja wa namna hiyo nyumbani kwake.

Basi tunaondoka uwanja wa kanisa saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua kuwa kali. Tunaomba kwa kifupi, kisha tunateremka upande wa ziwa, tunapita mashamba ya maharage na mahindi, tunawapisha ng'ombe wa Waankole wenye pembe ndefu, halafu tunapanda kilima na kurudi. Si mbali, yapata kilomita tano. Kuna Wakongo wa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, kuna Warundi, kuna mama mmoja Msomali, jirani yetu Mwislamu, anayekuja na binti yake. Wakati wa maombi yeye husimama pembeni kwa heshima, na tukimaliza husema, "Haya, twendeni." Baada ya matembezi tunakunywa chai ya tangawizi kwa mmoja wetu, kwa zamu, na mandazi zikipatikana. Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa katika makambi ya Uganda, wengine waliuliza kama ni akili kutembea na tumbo tupu. Lilikuwa swali la kweli. Tulifupisha njia, na tangu siku hizo anayepokea wageni hupika uji badala ya chai ya bure.

Faida nyingine hatukuitegemea. Mtu akikaa na mchungaji ofisini huchagua maneno. Akitembea naye bega kwa bega, macho yakiwa barabarani, husema. Nimesikia mengi katika njia ile ya ziwani kuliko katika miaka yangu yote ya kuketi nyuma ya meza.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Vijana wa kwaya walijiunga nasi, na furaha ikaongezeka, lakini mwendo pia ukaongezeka. Walitaka kutoka jasho. Mbele wakawa watu kumi wanaokwenda kama askari, katikati wengine, na nyuma kabisa bibi mmoja mjane ambaye goti lake la kushoto halikunji vizuri. Jumamosi moja tulipanda kilima, tukashuka, tukafika kwenye uji, ndipo mtu mmoja akauliza, "Bibi yuko wapi?" Nilirudi na kijana mmoja. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe chini ya kilima, mikono juu ya fimbo. Nikaanza kuomba msamaha kwa maneno mengi, kama sisi wachungaji tunavyojua. Akanikatiza, "Acha, Pasta. Nimezoea kuachwa."

Hakusema kwa hasira. Na mimi, wapendwa, siku ile nilikuwa katika wale kumi wa mbele.

Neno lile lilinirudisha Novemba 2008, vita vilipoingia Kiwanja. Tulikimbia kuelekea mpaka wa Ishasha, kilomita karibu 60. Nilikuwa na mke wangu mwenye mimba, mtoto wetu wa kwanza mgongoni kwangu, na godoro ambalo tulilitupa siku ya kwanza. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa akinifundisha useremala nilipokuwa kijana, alitembea nasi mpaka siku ya pili. Mchana akaketi kando ya njia. Alisema, "Nendeni, nitawafuata." Mimi nilijua kwamba hatatufuata, na yeye alijua kwamba ninajua. Nyuma yetu tulisikia milio. Nilimwachia maji nusu chupa, tukaenda. Baadaye malori yalituleta mpaka hapa Nakivale, na kwa miaka nimeuliza kila mtu aliyetoka upande ule. Hakuna aliyemwona.

Nimehubiri mara nyingi juu ya msamaha bila kutaja habari hii hata mara moja. Na najua si mimi peke yangu. Kuna watu katika kanisa hili walioacha mama, walioacha mtoto mgonjwa kwa jirani, walioachia mkono wa mtu gizani. Tukiongea juu ya safari zetu, tunahesabu kilomita na njaa na mvua, na mahali pale tunaruka.

Je, tulitenda dhambi? Nimetafuta katika Maandiko, na mahali paliponisaidia kwanza ni mstari mmoja tu, 2 Samweli 4:4. Habari za kufa kwa Sauli na Yonathani zilipofika, yaya alimchukua Mefiboshethi, mtoto wa miaka mitano, akakimbia naye. Na katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kiwete. Biblia haimtaji yaya yule kwa jina, na haisemi neno lolote la kumlaumu. Lakini pia haifichi kwamba mtoto aliumia, na kwamba aliumia kwa sababu ya haraka. Miguu ile ilibaki hivyo hata alipokuwa mtu mzima akila mezani pa Daudi. Kwa hiyo naamini mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja: kwamba sikuwa na njia ya kumbeba mzee wangu na mtoto kwa wakati mmoja, na kwamba yeye aliachwa, na mimi ndiye niliyemwacha. Wengine hunifariji kwa kusema, "Hukuwa na la kufanya, sahau." Nawashukuru, lakini siwezi kuupokea ushauri huo. Kama ningesahau, ingekuwa kana kwamba mzee yule alikuwa godoro.

Ninachoogopa ni kwamba ile haraka haikubaki Ishasha. Tuliivuka nayo. Angalieni tunavyosukumana kwenye foleni ya bomba, hata siku ambayo maji ni mengi. Angalieni ndoa zetu, mmoja akiwa amekwisha kujifunza lugha na kupata kazi ndogo, na mwingine bado ameketi mlangoni. Yule wa kwanza hukasirika kama mtu anayecheleweshwa na kifo. Miguu yetu bado inaamini kwamba kuna milio nyuma. Pale kilimani hapakuwa na milio. Palikuwa na uji. Kule Ishasha naweza kumwambia Mungu kwamba niliogopa. Juu ya lile jiwe la bibi sina cha kumwambia.

Na Maandiko, yanapoongea juu ya safari ambayo watu wana nafasi ya kungoja, hayana mashaka. Miriamu alipotengwa nje ya kambi siku saba, taifa zima halikuondoka mpaka aliporudishwa (Hesabu 12:15), naye alikuwa ametengwa kwa kosa lake mwenyewe! Yakobo alikataa kufuatana na mwendo wa Esau na watu wake, akaeleza kwamba watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, wakikimbizwa hata siku moja watakufa, na kwamba yeye atakwenda polepole kwa mwendo wao (Mwanzo 33:13-14). Yakobo huyu, mwenye haraka na hila tangu tumboni, ndiye aliyejifunza kutembea kama mtoto. Na tusisahau kwamba usiku uliotangulia yeye mwenyewe alianza kuchechemea.

Vijana walinipinga, na sikuona kwamba ni utovu wa adabu. Mmoja alisema, "Papa Pasta, tukienda kwa mwendo wa Bibi, hatutoki jasho, na muuguzi alisema mwendo uwe wa haraka kidogo. Kwa nini watu ishirini wakose faida kwa ajili ya mmoja?" Ni hoja nzuri. Hata mimi kwanza nilikuwa tayari kugawa kikundi mara mbili, wenye nguvu huku, wadhaifu kule, jambo limekwisha. Kilichonizuia ni kuhesabu nani angekuwa katika kundi la pili. Bibi, peke yake. Hilo si kundi, ni kumwacha kwa utaratibu.

Lakini pingamizi zito zaidi lilitoka kwa bibi mwenyewe. Nilipomwambia kwamba tangu sasa tutamngoja, alisema, "Msiningoje. Naona haya." Hapo nilikwama. Tunapomngoja mtu huku tunatazama saa, tunamfanya mzigo mbele ya watu, na pengine ni afadhali kuachwa kuliko kungojwa namna hiyo. Sisi tuliosimama katika foleni za msaada miaka mingi tunajua ladha ya wema wa mtu anayetaka umalize haraka. Kwa hiyo kumngoja peke yake hakutoshi. Inabidi kuwe na sababu ya kutaka kuwa pale alipo.

Tulikubaliana hivi: Jumatano vijana wanakimbia wao wenyewe, watoke jasho watakavyo. Jumamosi mwenye mwendo mdogo anatangulia, na hakuna anayempita. Mwanzoni ilikuwa sheria tupu. Watu walikanyagana visigino nyuma yake, na mmoja aliimba wimbo wa mazishi kwa mzaha, mpaka bibi mwenyewe akacheka. Kisha jambo likabadilika bila mtu kuamuru. Aliye mbele ndiye anayesema kuna nini njiani, na bibi huyu, kumbe, anajua majani. Anasimama, wote tunasimama. Anaonyesha kwa fimbo: hili kwetu tulikuwa tunampa mtoto mwenye tumbo, hili usiguse, hili hapa Uganda silioni likiota vizuri, labda udongo. Yule mama Msomali anauliza, binti yake anatafsiri, na mazungumzo yanaweza kuchukua dakika kumi. Jasho halitoki. Sasa vijana wawili hutembea karibu naye, na sidhani ni kwa ajili ya sheria.

Kuna anayeniuliza kama wema unaoanza kwa sheria ni wema. Jibu langu ni kwamba miguu inaweza kujifunza kabla ya moyo. Haraka pia ilitufundisha kwa miguu.

Juu ya mzee wangu wa useremala, nimemweleza bibi habari yote, tukiwa njiani, mwezi uliopita. Alinyamaza mpaka kwenye mti mkubwa wa mwisho kabla ya kilima. Kisha akauliza jina lake, nikamtajia. Tangu siku ile, tunapoomba uwanjani kabla ya kuondoka, humtaja pamoja na mume wake na watoto wake wawili.

Jumamosi iliyopita wingu jeusi lilipanda upande wa ziwa tukiwa bado nusu ya njia. Tulikuwa nyuma yake kama kawaida, hakuna aliyethubutu kumpita. Akageuka, akatutazama, akasema, "Ninyi vijana, mnangoja nini? Mahindi yangu nimeyaacha yameanikwa nje!" Wakaondoka mbio, watano, wakipiga kelele, na wakayawahi. Sisi wengine tulifika nyuma polepole pamoja naye, tumelowa mpaka mifupa.