KUTOA MIMBA: KAULI ZA WATU NA WAJIBU WETU

Kila linapotajwa jambo la kutoa mimba katika mji huu wa Nairobi, watu husemezana kana kwamba ulimwengu umegawanyika mafungu mawili tu: fungu la wauaji na fungu la wenye huruma, na kila msemaji hujitia katika lile fungu jema. Sisi twaona kuwa hii si insafu wala si ilimu. Kauli za watu katika mas'ala haya ni nyingi, na atakaye kuhukumu kwa haki yampasa kwanza azijue.

Na tuanze na sheria ya nchi. Katiba iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 yasema, katika kifungu cha 26, kuwa uhai wa mtu huanza pale mimba inapotungwa. Kisha kifungu hicho hicho chakataza kutoa mimba, illa mtaalamu wa afya akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo khatarini, au sheria nyengine ikiruhusu. Watakumbuka ndugu zetu wa pwani kuwa makanisa mengi yaliipinga Katiba ile kwa mambo mawili khasa: Mahakama za Kadhi na kifungu hiki. Walakini Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa Muingereza, iliachwa vile vile: amtoaye mwanamke mimba kinyume cha sheria, kifungo chake ni hata miaka 14, na mwanamke mwenyewe ni miaka 7. Mwanamume aliyeitia mimba ile hatajwi.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa muongozo kwa waganga, na mwaka 2013 ikauondoa. Mnamo Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, hapa Nairobi, waliamua kuwa kuuondoa kule kulikuwa batili, na kwamba mimba ya kunajisiwa yaweza kutolewa ikiwa mtaalamu aona uhai au afya ya mama imo khatarini. Kesi ile ilitokana na msichana aliyenajisiwa angali mtoto, akatolewa mimba pasipo usalama, na mwisho akafariki.

Wako wasemao kuwa uhai ni mtukufu tokea siku ya kwanza, wala haifai kuukusudia kwa mauti. Ndiyo kauli ya Kanisa Katoliki. Wako wasemao kuwa mwili ni wa mwanamke, na hukumu ni yake. Wako wa katikati, waonao kuwa haki ya kilichomo tumboni hukua kadiri kinavyokua chenyewe. Na wako waganga wasiotazama illa madhara: uchunguzi wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa katika Kenya zilitolewa mimba zipatazo 465,000 mwaka ule mmoja, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake.

Na Waislamu je? Wengi wetu hudhani kuwa wanavyuoni wana kauli moja tu. Sivyo. Imam Ghazali alitenga baina ya kuizuia mimba isiingie na kuitoa iliyokwisha kuingia: la kwanza hakuliharimisha, la pili aliliona kosa, na uzito wake huzidi kadiri mimba inavyozidi. Wamaliki, katika kauli yao mashuhuri, wamekataza hata kabla ya siku 40. Wengi wa Kihanafi wameruhusu kabla ya siku 120, na baadhi yao wakashurutisha udhuru, kama mama anyonyeshaye ambaye maziwa yatakauka, na baba hana uwezo wa kumuajiri mnyonyeshaji. Katika madhehebu yetu ya Kishafii wamo waliokaza na wamo waliolegeza kabla ya kupulizwa roho. Ama baada ya siku 120, wote wamekubaliana kuwa ni haramu; na Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar tokea mwaka 1958, alibainisha kuwa ikiwa mimba itamuua mama, basi mama huokolewa, kwani yeye ndiye asili. Mwaka 1990 Baraza la Fikihi la Makka liliongeza kuwa kabla ya siku 120 yafaa pia ikiwa waganga waaminifu wamethibitisha kuwa mtoto ana kilema kikubwa kisichotibika.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Watu hushindana juu ya suala moja, "Uhai huanza lini?", wakadhani jawabu yake yamaliza kila kitu. Haimalizi. Aliyesema roho hupulizwa siku ya 120 hakusema kuwa kabla yake hapana kitu, Mtume (S.A.W.) alimtoza fidia aliyempiga mwanamke hata mimba ikatoka. Na aliyesema uhai huanza siku ya kwanza, bado ana la kujibu mbele ya mama anayekufa. Basi masuala ni mawili: kilichomo tumboni kina haki gani, na ni udhuru gani uliofikia uzito wa kuishinda haki hiyo? Kauli yetu ni kuwa asili ya jambo hili ni katazo. Lakini khatari ya uhai ni udhuru, na aliyenajisiwa akawahi mapema tusimfungie mlango ambao wanavyuoni wakubwa hawakuufunga. Kuogopa ufukara si udhuru. Qur'ani imelikataza hilo katika Suratul Israa. Na kuogopa watu si udhuru vile vile.

Walakini ni nani aliyemfunza binti kuwaogopa watu kuliko Mola wake? Ni sisi wazee. Baba asemaye "haramu" msikitini, kisha akamfukuza binti yake nyumbani kwa ajili ya aibu, amemsukuma kwa mkono wake kwenye lile alilolikataza kwa ulimi.

Kutoka Msikiti wa Jamia hata Kangemi na Kawangware, upande wa magharibi, si mwendo mrefu; na njiani iko mitaa ya wenye nacho, Westlands na Lavington. Mwenye nacho akipatwa na msiba huu hupata daktari hodari na chumba safi, na jina lake halisikiki. Maskini huangukia kwa mwenye dawa za kubahatisha, na khabari zake huja kwa polisi au kwa mazishi. Sheria ni moja, lakini humuumiza mmoja.

Basi mwenye kukataza na abebe gharama ya katazo lake. Mahatibu na wajifunze kauli hizi kabla ya kupanda mimbari, na wasiwahukumie watu ukafiri. Wazazi wasifunge milango. Msichana aliyezaa arudishwe shuleni, kama miongozo ya Serikali ya mwaka 2020 ilivyoagiza. Zaka zetu ziwafikie mama na mtoto. Na mwanamume aulizwe alilolifanya kabla ya kuulizwa mwanamke. Asiyefanya lolote katika haya, na anyamaze. Maana neno "haramu" kinywani mwake halimuokoi mtoto wala mama.

Wabillahi tawfiki.