Wimbo Ndani ya Kichwa, Wimbo Ndani ya Nyumba

Muziki wa kielektroniki ni muziki ambao sauti zake nyingi hazikuwahi kutoka katika kitu chochote kabla ya kutoka kwenye spika. Ngoma ya mbao na ngozi ina mlio wake pale inapopigwa, awepo mwenye kurekodi au asiwepo; kinasa sauti huja baadaye kuchukua kivuli cha mlio huo. Biti ya kompyuta haina mlio wa namna hiyo. Kabla ya kufika kwenye spika ni tarakimu tu, na tarakimu hazilii. Ndiyo maana anayeuliza kama wimbo huo husikika vizuri zaidi kwenye hedifoni au kwenye sabufa ya nyumbani huwa ameuliza, bila kukusudia, swali la falsafa: wimbo wenyewe uko wapi? Kwa gitaa la mpigaji wa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, jibu ni rahisi. Uko pale alipoketi mpigaji, na rekodi iliyo bora ni ile inayomsogeza msikilizaji karibu na kiti chake. Kwa biti, kiti hicho hakipo.

Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyo Wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ni mahali ambapo swali hili hujitokeza lenyewe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Kuanzia mwaka 2015 wakaongezeka Warundi, na hesabu ya watu ikapita 100,000. Nyumba nyingi ni za matofali mabichi, paa ni turubai au nyasi, na kutoka ukuta wa huyu hadi ukuta wa yule ni hatua chache. Umeme wa wengi ni wa sola na betri. Maktaba ya nyimbo ni simu yenye memori kadi, na humo kwaya za Kipentekoste za Fizi, Kivu Kusini, hukaa bega kwa bega na ndombolo ya Kinshasa, bongo fleva na singeli ya Dar es Salaam. Mwenye simu hiyo ana njia mbili za kuusikia wimbo: aupeleke masikioni mwake kwa iafoni, au auachie chumbani kwa spika. Njia hizo hazitoi kitu kimoja.

Hedifoni hutenga masikio. Sikio la kushoto hupewa chaneli ya kushoto, la kulia hupewa ya kulia, na hakuna kinachovuka. Katika maisha ya kila siku hali hiyo haipo. Jogoo akiwika upande wa kushoto, sauti yake hufika pia sikio la kulia, ikiwa imechelewa kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde na kufifia kidogo kwa kuwa kichwa kimeikinga. Kwa kupima tofauti hiyo ubongo hujua jogoo yuko wapi. Hedifoni ikiivuruga, ubongo hukosa pa kuuweka muziki huko nje; huuweka ndani, katikati ya masikio mawili, nyuma kidogo ya macho. Kwa mpenzi wa muziki wa kielektroniki hii inaweza kuwa neema. Vitu vidogo alivyovitawanya prodyuza, kama mwangwi unaokimbia kutoka upande huu hadi ule au pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, hufika vikiwa safi. Singeli, ambayo hukimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, huhesabika pigo kwa pigo. Katika ukumbi wenye kuta ngumu na paa la bati mapigo hayohayo hurudi kutoka ukutani wakati mengine yameshaingia, yakageuka uji.

Spika huanza pale hedifoni inapoishia. Sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo ni makazi ya besi ya sabufa, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na chumba cha nyumba ya kambini aghalabu hakifiki huko. Katika chumba cha saruji wimbi kama hilo hugonga ukuta, hurudi na kujirundika, hata besi ikanguruma pembeni na kupotea katikati. Paa la turubai halina uzito wa kulizuia. Besi hupita kana kwamba hakuna kitu, na nyingi humwagika nje. Inayobaki hutikisa vilivyomo: kikombe cha bati juu ya meza huanza kulia, ukingo wa turubai uliolegea huunguruma kwa sauti yake wenyewe ambayo prodyuza hakuiweka, na kifua cha aliyeketi karibu hupokea pigo. Hedifoni nzuri inaweza kulipa sikio besi hiyohiyo kwa nguvu ndogo mno, maana hewa iliyofungiwa kati ya kifaa na kiwambo cha sikio ni kidogo tu. Kifua lakini hakipati kitu.

Je, kifua ni sehemu ya usikivu, au ni bonasi tu? Kiswahili kimeshatoa hukumu yake. Mtu husikia sauti, na kwa kitenzi hichohicho husikia baridi, njaa na maumivu. Mtoto asiyetii huambiwa hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Wakongo wa Nyarugusu wana pia maana nyingine, kwa kuwa katika Kiswahili cha Kongo kusikia lugha ni kuielewa. Kitenzi kimoja kimebeba sikio, mwili, utii na akili. Neno ngoma nalo halikubali kugawanywa: ni chombo, ni mchezo, ni mkusanyiko wa watu. Kwa Warundi ingoma ni hata utawala, na ngoma yao ya kifalme iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa kipimo cha maneno haya, hedifoni humpa mtu wimbo ikamnyima ngoma. Anayetikisa kichwa peke yake juu ya kigoda, uzi mweupe ukining'inia sikioni, hawezi kusemwa kwamba yuko ngomani, hata kama mdundo alio nao ni uleule.

Wanazuoni wa dini waliligusa jambo hili karne nyingi kabla ya umeme. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya usikilizaji na hali zinazompata msikilizaji. Humo anapokea kutoka kwa Junayd, Sufi wa Baghdad, kwamba usikilizaji unahitaji mambo matatu: wakati wake, mahali pake, na ndugu wa kusikiliza nao. Sauti yenyewe haimo katika hesabu hiyo. Kwa maoni hayo wimbo mmoja unaweza kuwa halali ya moyo katika kikao hiki na mchezo mtupu katika kile, bila noti hata moja kubadilika. Hedifoni huwezesha wakati wowote, hufuta mahali, na ndugu huwaacha nje. Anayeifuata hoja ya Junayd mpaka mwisho atasema kwamba kilichobaki humo ni sauti iliyokosa sharti zake zote tatu.

Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliingia kwa mlango mwingine. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo anakiri kwamba mara nyingine uimbaji humgusa kuliko yale yanayoimbwa, na hilo analihesabu kuwa kosa. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani, kwa sababu alikumbuka machozi aliyomwaga kwa kuzisikia siku za kuongoka kwake. Wasiwasi wake unaweza kupimwa Jumapili yoyote katika makanisa ya kambini, ambako kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa tayari kiwandani hubebana na gitaa la besi na kwaya. Kitufe kimoja kikibonyezwa, mdundo hujipiga wenyewe na hauchoki. Waumini wakainuka: wameinuliwa na neno, na watu walio kando yao, au na spika mbili nyeusi zilizopangwa mbele? Mtu mmoja hawezi kuzitenganisha sababu hizo akiwa amesimama palepale. Ila akirudi nyumbani akausikiliza wimbo uleule kwa iafoni, amelala chali, anapata jaribio dogo la Augustino: besi imeondoka, umati umeondoka, yamebaki maneno na sauti iliyo karibu kama mnong'ono. Wimbo ukisimama hapo, ulikuwa na miguu yake. Ukianguka, basi ulikuwa umebebwa.

Hoja hii inaipa hedifoni heshima ambayo watetezi wa ngoma huisahau, na si ndogo. Injili ya Mathayo inaelekeza anayesali aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Katika nyumba ambayo mlango ni kipande cha turubai na chumba kimoja hulaza watoto, bibi na mgeni, mlango wa kufunga unapatikana wapi? Iafoni ya bei ndogo ya sokoni ndicho chumba pekee ambacho wakimbizi wengi wanaweza kukimiliki, na humo mtu anaweza kulia pasipo kuulizwa. Wala ukoo wa kifaa chenyewe hauko mbali na ibada. Nathaniel Baldwin, Mmormoni wa Utah aliyeuza hedifoni za kwanza za kufaa kwa Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1910, inasimuliwa kwamba alianza kuhangaika na vikuza sauti kwa sababu hakuwa akisikia vizuri mahubiri katika jengo kubwa la kanisa lake. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, kifaa kinacholaumiwa kwa kuwatenga watu na kusanyiko kilizaliwa na mtu aliyetaka kulisikia kusanyiko.

Hofu ya upweke ilikuwepo hata kiwandani. Sony ilipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, kifaa kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili waongee. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Baadaye tundu la pili liliondolewa. Vijana wa Nyarugusu, kama wa Kasulu mjini na kwingineko, wamelirudisha kwa njia yao: iafoni moja, marafiki wawili, kila mmoja sikio moja, waya umevutwa mpaka vichwa vinakaribia kugusana. Ni picha ya udugu, na ni kioja cha kifalsafa pia. Wa kushoto anasikia chaneli ya kushoto peke yake. Kama prodyuza amekiweka kigelegele kulia na kinanda kushoto, mmoja ana wimbo wenye kigelegele na mwenzake ana wimbo usio nacho. Wanatikisa vichwa pamoja na kusema wimbo mmoja. Ndugu wa Junayd wamepatikana. Sauti ndiyo iliyokatwa nusu.

Zipo aina za muziki ambazo swali la usafi wa sauti haliziingii kabisa, na hizo zinafundisha zaidi. Konono No. 1 ya Kinshasa, iliyoasisiwa na Mawangu Mingiedi, ilizipitisha likembe, ala zinazopigwa kwa vidole gumba, katika vikuza sauti vya kuungaunga na spika za tarumbeta, hata mkwaruzo wa mashine ukawa sehemu ya upigaji. Mchiriku wa Dar es Salaam ulifanya vivyo hivyo kwa vinanda vidogo vya Casio, na singeli iliyokuja baada yake ilikulia kwenye spika za mitaani za Manzese na Tandale. Kuusikiliza muziki huo kwa hedifoni za gharama ni sawa na kuosha ugali. Hapa mtu anaweza kusema kwamba biti ina kiti chake baada ya yote, nacho ni ile spika mbovu iliyotungiwa. Jibu hilo linavutia, lakini linafaa kwa muziki uliozaliwa barabarani tu. Nyingi za nyimbo zilizomo katika memori kadi zilichanganywa na mtu aliyezijaribu kwa makusudi kwenye spika za studio, kisha hedifoni, kisha simu, akijua hatachagua yeye zitakakosikika.

Spika ya simu yenyewe ni mwalimu wa ajabu. Udogo wake hauiruhusu kutoa sauti za chini kabisa kwa nguvu yoyote ya maana. Na bado msikilizaji huufuata mstari wa besi, kwa sababu ubongo, ukipata sauti za juu zinazoambatana kwa kawaida na besi fulani, huijaza ile iliyokosekana. Anasikia kisichokuwepo hewani. Wimbo basi haumo wote katika tarakimu, wala hewani. Sehemu yake huletwa na anayesikia. Kumbukumbu nayo huongeza lake: anayeijua kwaya yake husikia umati mzima kwenye iafoni, na mgeni akapewa iafoni hiyohiyo akasikia watu wanne na kinanda. Maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, na rekodi za kwaya huwafuata huko kwa simu. Wanachokisikia kupitia hedifoni si kile anachokisikia mtu anayeketi kando yao kwenye basi, hata wakigawana sikio.

Linabaki suala la jirani, ambaye hakuchagua lolote. Jicho lina kope, sikio halina, na haki ya mtu kuabudu kwa sauti hukutana na haki ya mwingine kulala penye paa la turubai. Fizikia haimtendei jirani huyo haki kwa upande wowote. Sauti za chini hupenya ukuta na sauti za juu, zinazobeba herufi za maneno, hukwama. Sabufa ikiimba zaburi nyumba ya tatu, yeye hupata dum dum bila neno hata moja: kile hasa ambacho Augustino alikiogopa, tena bila ule utamu wake. Hedifoni inayovuja hufanya kinyume. Aliyeketi karibu na kijana mwenye iafoni hana besi wala wimbo, ana ule mchakacho mwembamba wa juu, kama punje za mchele zikipepetwa kwenye ungo.