Doa la Kutu na Suala la Sababu

Je, chenye kutia doa ni kile kilichokuwamo kwa siri, au ni kile kilichokuja kukifichua? Suala hili, ambalo maulamaa wa zamani walilijadili kwa mfano wa moto na pamba, leo laweza kujadiliwa kandoni mwa bwawa la kuogelea la hoteli yoyote ya Nungwi au Paje, pale mwenye mali anapoamka alfajiri na kukuta sakafu iliyokuwa nyeupe jana magharibi imeingia mabaka ya hudhurungi, na akakumbuka kuwa baina ya nyakati mbili hizo hapakutendeka jambo illa kutiwa klorini. Basi papo hapo akahukumu kuwa dawa ndiyo iliyoharibu.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Chuma kilichoyeyuka majini hakina rangi, na maji yake ukiyateka gilasini utayaona maangavu kama ya mvua. Walakini kikikutana na hewa, au na klorini ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ila kwa nguvu zaidi, hugeuka kutu, kikaacha kuyeyuka na kushika ukutani. Hapa kwetu, ambapo ardhi ni ya mawe ya matumbawe na chumvi haiko mbali, yafaa kuzitazama kwanza nondo. Fundi akichanganya zege kwa mchanga wa pwani usiooshwa, au akazilaza nondo karibu mno na uso wa ukuta, chumvi hupenya taratibu mpaka ikazifikia. Na kutu, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Utaona kwanza ufa mwembamba, kisha mchirizi mwekundu unaoteremka kutoka katika ufa ule, na haya huenda yakadhihiri miaka mingi baada ya fundi kulipwa ujira wake na kwenda zake. Mwenye shaka na achukue kidonge cha vitamini C akikandamize juu ya doa: likififia, ni kutu. Bibi zetu waliokuwa wakiondoa kutu ya kanzu kwa ndimu na chumvi, kisha wakaianika juani, hawakuhitaji kufundishwa hayo.

Sasa turejee kwa maulamaa. Imamu Ghazali, katika mas-ala ya kumi na saba ya *Tahafut al-Falasifa*, alishika kuwa kuungua kwa pamba kunakofuatana na kuguswa na moto si dalili kwamba moto ndio mtendaji. Tunachokishuhudia ni viwili kufuatana, na mtendaji ni Mwenyezi Mungu, aliyeiendesha ada hiyo. Ibn Rushd baadaye akamjibu kuwa mwenye kuziondoa sababu ameiondoa akili. Mimi, kwa kadiri ya fahamu yangu, naona yule mwenye hoteli anawahitaji wote wawili: Ghazali wa kumzuia asidhani kuwa kilichotangulia usiku ndicho kilichosababisha asubuhi, na Ibn Rushd wa kumsukuma atafute chanzo chenyewe. Ila nisichokikubali ni fundi kujificha nyuma ya Ghazali na kusema, "Ni kudura." Ghazali mwenyewe hakuruhusu hayo, kwani alisema kuwa Mungu ametuumbia ilimu ya kuijua ada yake, na mwenye kujua kuwa chumvi hula chuma hana udhuru wa kuichanganya.

Nayo fikihi huuliza jambo jingine kabisa. Haimtafuti mwenye kosa, bali huuliza kama maji yangali tahuri. Na katika madhihabu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa Unguja, maji yaliyogeuka kwa kitu kilichomo katika makazi yake au mapito yake, kama udongo, ukoga, na kutu kadhalika, hayakuharibika, na udhu kwayo ni sahihi. Basi muumini anayekuta maji ya birika ya msikiti wa mtaa wake yana rangi ya kutu ya bomba na atawadhe bila wasiwasi.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, Ghazali angali hai, na waliojenga zama zile walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Hawakuwa na nondo za kuingia kutu. Sisi tumechagua chuma kwa sababu kina nguvu na manufaa, na chaguo hilo si baya, ila lina masharti yake. Kwa hiyo, enyi mafundi na wenye majengo, uosheni mchanga kwa maji matamu, zifunikeni nondo kwa zege la kutosha, na bwawa likiingia doa msianze kwa kumlaumu mtia dawa.