Moto Uliovuka Mpaka, na Neno "Shauri la Mungu"

Kila mwaka mvua zinapokoma katika nchi ya Usukuma, mwezi wa Mei au Juni, nyasi hukauka upesi, na kabla Agosti haijaisha nchi yote toka Magu hata Kwimba na Misungwi imegeuka rangi ya simba. Ndipo moshi huanza kuonekana. Mkulima huchoma takataka za shamba lake, mchungaji wa ng'ombe huchoma nyasi kuukuu ili machipukizi yatokee, mwinda nyuki huacha mwenge wake chini ya mti. Na kila mwaka, moto ukiisha kula kitu cha jirani, neno moja husikika vinywani mwa watu, hata vinywani mwa Wakristo: ni shauri la Mungu. Neno hilo nataka tulipime leo, maana hunenwa kana kwamba ni neno la imani, nami naona ya kuwa mara nyingi si imani hata kidogo.

Tumfikiri mtu mmoja, tusimpe jina. Ameamka asubuhi na mapema, hewa imetulia, hata jani halitikisiki. Akatia moto kwenye mabua ya shamba lake, akasimama karibu na tawi bichi mkononi, kama mtu mwangalifu. Saa sita mchana upepo ukaja. Moto ukaruka njia, ukashika boma la minyaa na miiba, ukaingia katika ngitili ya mama mjane aliye jirani yake. Msomaji asiye Msukuma na ajue ya kuwa ngitili ni sehemu ya malisho ambayo mwenyewe huifunga tangu mvua zinapoanza, mnyama asitie mguu, ili nyasi zikue na kungoja siku za njaa ya ng'ombe. Basi, ngitili ya yule mama ikateketea yote kabla ya jua kushuka, na ng'ombe wake wanne hawana cha kula mpaka mvua zirudi. Yule mtu akaenda kumpa pole. Akasema, "Mama, sikukusudia, ni upepo. Ni shauri la Mungu." Akarudi nyumbani kwake akalala usingizi.

Je! Alisema kweli? Kwamba hakukusudia, ni kweli. Kwamba ni upepo, ni kweli pia. Lakini tutazame Torati. Katika Kutoka 22:6 imo sheria juu ya jambo hili hili: moto umetoka, umeshika miiba, umekula mavuno ya mtu mwingine, yaliyokatwa au yaliyosimama bado. Sheria haiulizi kama mtu alikusudia au hakukusudia. Haiulizi upepo ulitoka wapi. Inasema aliyeuwasha alipe. Mimi hustaajabu kila ninapoisoma, maana ile miiba ni kama maboma yetu ya leo, na sheria ile ingeweza kuandikwa huku kwetu Usukuma.

Tena, upepo si mgeni kwetu. Sisi tukaao kando ya ziwa Viktoria twajua mwendo wake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndiyo sababu mchana upepo huvuma toka ziwani kwenda bara, na usiku hugeuka, ukatoka bara kwenda ziwani. Wavuvi hutanga kwa upepo huo, na watoto waujua kabla hawajajua kusoma. Basi, mtu awashaye moto asubuhi, naye aujua upepo wa mchana, hawezi kumshitaki upepo. Upepo ulikuja saa yake, kama ulivyokuja jana.

Asidhani mtu ya kuwa nalaani moto wenyewe. Moto ni mtumishi wa kale katika nchi hii. Wazee wa Shinyanga husimulia habari za bwana Swynnerton, mkuu wa kazi ya kupigana na mbung'o, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Katika miaka ya 1920 yeye pamoja na watemi walipanga watu wachome nyika kwa pamoja, nao walingoja nyasi zikauke kabisa ndipo wachome, ili moto uwe mkali na kuua vichaka walimokaa mbung'o. Kazi hiyo ilifungua nchi kwa ng'ombe na watu. Leo wenye kutunza misitu husema kinyume chake, ya kwamba afadhali kuchoma mapema, nyasi zingali na umajimaji, moto uwe mpole na kuacha mabaka yasiyoungua. Maana moto wa Septemba na Oktoba huua hata mti mkubwa. Wote wawili walisema vema, kila mmoja kwa kazi yake. Wale wa kwanza walipanga siku, wakakusanya watu, wakajua moto utaishia wapi. Mtu wetu hakupanga hata kumwambia jirani. Hata Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya kuzuia uchomaji ovyo, lakini nadhani ni wachache katika sharika zetu waliopata kuisikia ikisomwa.

Sasa turudi kwa neno lenyewe. Mtu atasema, "Mwalimu, wewe wakana ya kuwa Mungu hutawala upepo?" Sikani. Twakiri katika sehemu ya kwanza ya Imani ya kwamba Mungu Baba ni Mwenyezi, wala hakuna unyasi uunguao asipojua. Lakini tumtazame Ayubu. Yeye naye alipotewa na mali kwa moto, na watoto wake kwa upepo mkuu utokao jangwani. Akaanguka chini akalihimidi jina la Bwana aliyempa na aliyemwondolea. Hapo neno la shauri la Mungu lilikuwa neno la imani kweli kweli. Kwa nini? Kwa sababu Ayubu alilinena juu ya hasara yake mwenyewe. Hakulinena juu ya kondoo wa jirani aliowachoma yeye. Hii ndiyo tofauti, nayo naiona ni kubwa. Mama yule mjane, akikaa juu ya majivu ya ngitili yake, aweza kusema ni shauri la Mungu, nasi tutaondoa kofia zetu mbele ya imani yake. Aliyewasha moto akisema maneno yale yale, ametwaa jina la Mungu akajifunika nalo kama mwizi ajifunikavyo blanketi. Maneno ni yale yale; aliyeyasema siye yule. Ndipo yahusika Amri ya Pili pamoja na ya Saba, maana Katekisimu ya Luther yatufundisha ya kuwa kutokuiba hakutoshi, imetupasa pia kuisaidia mali ya jirani isiharibike.

Lakini liko kosa la pili, nalo limetuletea msiba mkubwa kuliko la kwanza. Kosa la kwanza ni kusema hakuna mwenye hatia. La pili ni kumtafuta mwenye hatia hata pale asipokuwapo. Zamani, mvua zilipokataa, watu wa Usukuma walimwuliza mtemi wao, na mtemi aliyeshindwa na mvua aliweza kuondolewa katika kiti chake. Utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963, lakini ile haja ya kumpata mtu wa kumlaumu haikukoma. Ikawageukia wanawake wazee. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kina mama wengi waliuawa, wakiitwa wachawi, na wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa meko waliyopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Naomba kila mwalimu alitaje jambo hili bila kuona haya mbele ya wanafunzi wake wa Kipaimara. Bwana wetu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kupita wengine. Ukame si mashitaka juu ya bibi kizee. Moto uliowashwa kwa kiberiti, huo ndio wenye mwenyewe, na mwenyewe ajulikana.

Huenda mtu akaona nimetumia maneno mengi kwa shamba moja la mabua. Basi atazame mlima Kilimanjaro, ambako ndugu zetu Walutheri ni wengi kuliko huku. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza huko juu katika hifadhi, nao uliendelea kwa siku nyingi, ukateketeza kama kilometa za mraba 95. Wakuu wa hifadhi walisema walidhani chanzo chake ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula moto. Chakula cha watu wachache, na kilometa 95! Yakobo katika waraka wake alitumia mfano huu huu, moto mdogo na msitu mkubwa, ili aseme juu ya ulimi.

Jambo lingine li karibu na hili, nalo lawahusu wazee wa kanisa kuliko wakulima. Kiangazi ndiyo majira ya mikutano yetu. Mavuno yameingia, njia ni kavu, kwaya husafiri, na ibada hufanyika uwanjani kwa kuwa kanisa halitoshi. Hata ngoma za Bulabo kule Bujora, karibu na Kisesa, huchezwa mwezi wa Juni, ambapo Bagika na Bagalu hushindana mbele ya umati wa watu, juani na mavumbini. Joto la Mwanza si kali kama la pwani. Ziwa hutupoza, tumshukuru Mungu. Lakini dunia yapata joto, na yaliyotokea kwingine yatupasa kuyasikia. Mwezi wa Agosti 2023, vijana Skauti wapata 43,000 walikusanyika Korea ya Kusini mahali palipokosa miti. Mamia wakaugua kwa joto, kisha wote wakaondolewa kwa sababu ya tufani. Na mwezi wa Juni 2024, ndugu zetu Waislamu walipohiji Makka, joto lilipita digrii 51, wakafa watu 1,301 kwa hesabu ya serikali ya huko. Na walio wengi katika hao ni wale waliokwenda pasipo kibali, nao kwa hiyo hawakuwa na mahema ya kivuli. Walikufa maskini waliosimama nje.

Nani huulizwa hapo? Torati inajibu tena, katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Ajengaye nyumba yenye dari bapa lazima aizungushie ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: hakumsukuma mtu. Alijenga tu, akawaacha watu wapande. Aitaye watu uwanjani ni kama ajengaye dari. Kivuli, mtungi wa maji, kuanza ibada saa moja badala ya saa nne, kuwakumbuka wazee na mama wenye mimba. Huo ndio ukingo wetu. Mhubiri mwenye kipaji aonaye mama ameanguka kwa jua naye akaendelea na sehemu ya tatu ya hotuba, na asome mlango huo akifika nyumbani.

Najua swali lililobaki, kwa maana vijana waliosoma hulileta kila mara. Husema, "Mwalimu, ukame huu na joto hili vimetoka kwa moshi wa viwanda vya mbali. Afrika nzima haitoi hata sehemu tano katika mia ya moshi huo. Mbona watuhukumu sisi kwa kiberiti?" Swali ni la haki. Joto la dunia limepanda zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19, nao mwaka 2024 ulipita miaka yote iliyopata kupimwa. Mimi nasema sheria ya Kutoka 22:6 haina kipimo cha ukubwa: aliyeuwasha alipe, awe mtu mmoja au mataifa yenye viwanda, na kanisa lisiogope kuwaambia hivyo hata ndugu waliotuletea Injili. Lakini mama mjane hakuunguziwa na kiwanda. Tukisema mbele yake kwamba ni makosa ya Ulaya, tumelibadili jina tu lile blanketi. Tena, nchi ikizidi kukauka, upepo ule ule na kiberiti kile kile vyawa na nguvu zaidi. Kwa hiyo deni la mwashaji halipungui, bali laongezeka, kwa kuwa sasa ajua.

Yabaki malipo. Mtu wetu ni maskini, hana ng'ombe wa kutoa, na ngitili haioti kwa siku moja. Tusiidharau ngitili: mwaka 1986, serikali ilipoanza kazi ya kuhifadhi ardhi ya Shinyanga iitwayo HASHI, zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu, kazi ile ilipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, nazo zililindwa kwa kanuni za vijiji, zikihukumiwa katika dagashida, baraza la wazee. Wazee wetu hao walijua kuhukumu bila kumfukuza mtu kijijini. Kwa jambo kama hili ningewashauri wazee wa usharika wampe yule mtu kazi badala ya faini: amkatie mama majani toka ng'ambo ya bonde mpaka mvua za kwanza, na kwa miaka mitatu afyeke kando ya mpaka wa ngitili yake, upana wa hatua sita, mpaka udongo uonekane. Kazi hiyo haina budi kwisha mwezi wa Mei, nyasi zingali mbichi. Naye mwalimu wa mtaa asione aibu kwenda na jembe siku ya kwanza.