Hata Dhahabu Hupimwa

Katika miaka yangu ya kukiongoza chuo cha ualimu, nilikuwa nikiwapa wanachuo swali moja la mdahalo ambalo kila mwaka liliwagawa pande mbili: je, mtu anayeyapima mambo aliyorithi kwa wazee wake anawaheshimu au anawadharau? Upande mmoja ulisema penye wazee haliharibiki neno, na kupima ni kutia shaka. Upande wa pili ulisema mambo ya kale ni giza tupu, yatupwe bila kuchunguzwa. Walibishana mpaka kengele ikalia. Hata hivyo, nikiwakumbuka leo, naona kwamba pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja kubwa: hakuna uliotaka kupima.

Nitatoa mfano wa mzizi mmoja. Huko India upo mmea uitwao ashwagandha. Jina hilo ni la Kisanskriti, na maana yake ni harufu ya farasi, kwa jinsi mzizi wake unavyonuka. Wanasayansi wanauita Withania somnifera, na neno hilo la pili katika Kilatini lina maana ya kuleta usingizi. Ni ndugu wa nyanya, mnavu na tumbaku, wala si mgeni kwetu, maana huota wenyewe katika sehemu kavu za Afrika Mashariki. Waganga wa tiba ya Kihindi, yaani Ayurveda, wameutumia kwa karne nyingi. Mzizi hukaushwa ukasagwa, unga wake ukachanganywa na maziwa au samli, akapewa mtu aliyedhoofika au aliyekosa usingizi.

Watu wa sayansi hawakuupuuza. Watafiti walitenga ndani ya mmea huo kemikali waliyoiita withaferini A. Mwaka 2012 ukachapishwa utafiti uliofanywa Hyderabad kwa watu wazima 64 waliosumbuliwa na msongo wa mawazo. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa dawa ya mzizi huo, miligramu 300 mara mbili kwa siku, na wenzao wakapewa kidonge cha kufanana nacho kisicho na dawa yoyote. Mgonjwa hakujua anameza kipi, wala daktari hakujua anatoa kipi. Baada ya siku 60, alama za msongo zilipungua kwa asilimia 44 kwa waliopewa dawa, na kwa asilimia 5.5 kwa wenzao. Kotisoli, ile homoni ambayo mwili huitoa mtu anapobanwa na wasiwasi, nayo ilishuka. Tafiti nyingine ndogo zilizofuata zimeonyesha kwamba usingizi nao hunufaika kidogo.

Habari hizi hazinihusu kwa mbali. Tangu mama watoto afariki, usiku umekuwa mrefu kwangu. Mjukuu wangu anayefanya kazi Muscat aliniletea chupa ya vidonge vya ashwagandha kutoka duka la Wahindi. Akaniambia, "Babu, hii si kemikali, ni mzizi tu. Wenzetu wameutumia tangu enzi na enzi. Ungekuwa na madhara si wangekwisha jua?" Nilimshukuru kwa kunikumbuka, kisha nikaiweka chupa kabatini. Mimi humeza dawa za shinikizo la damu na za kisukari kila siku, na mzizi huu unaweza kuishusha sukari na kulishusha shinikizo, juu ya kazi inayofanywa na dawa za hospitali. Nikamwambia tutamwuliza daktari kwanza. Lakini swali lake lilikuwa zuri, nalo lilistahili jibu.

Jibu langu ni hili. Uzoefu wa wazee ni ushahidi wa kweli, ila kila shahidi ana mahali aliposimama. Mganga huyaona yale yanayotokea upesi na kwa watu wengi: huyu alikunywa jioni akalala, yule alikunywa akatapika. Dhara linalompata mtu mmoja mmoja kwa nadra, tena baada ya wiki kadhaa, ni vigumu mno kwake kuliona, hata awe na busara kiasi gani. Mgonjwa macho yakimgeuka manjano atadhani ameingiliwa na maradhi mengine, wala hataukumbuka mzizi. Ilibidi madaktari wa nchi mbalimbali walinganishe majalada yao. Mwaka 2020 walichapisha habari za wagonjwa watano, watatu wa Iceland na wawili wa Marekani, walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha. Mwaka 2023 Denmark ikaupiga marufuku mmea huo katika vyakula na virutubisho, kwa kuhofia athari zake katika homoni za tezi na za uzazi.

Lakini tusidhani kwamba upofu huu ni wa wazee peke yao. Watu 64 kwa siku 60 hawatoshi kulifichua dhara la nadra, kama vile wagonjwa watano hawatoshi kutufanya tuuite mzizi huo sumu. Anayetangaza kwamba sayansi imekwisha thibitisha, amesema zaidi ya sayansi yenyewe.

Tena liko suala la uaminifu. Wazee wa India walitoa ushahidi juu ya unga katika maziwa, uliotolewa na mganga aliyemjua mgonjwa wake na kumtazama. Hawakutoa ushahidi juu ya dawa iliyokamuliwa kiwandani ikawa kali, ikatiwa katika chupa, ikauzwa kwa mtu asiyejulikana maradhi yake wala dawa nyingine anazomeza. Karne zile nyingi zimeazimwa zikabandikwa juu ya kitu cha juzi. Na baadhi ya tafiti zinazokisifu zimegharimiwa na wanaokiuza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kinachotembezwa sana yafaa kiulizwe maswali zaidi.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa kuwa taasisi. Sijapata kuiona kazi ile kuwa tusi kwa bibi zetu. Tunasema ya kale dhahabu, nasi twajua kwamba sonara haachi kuipima dhahabu. Kitu asichokiweka katika mizani yake ni mchanga. Vivyo hivyo, anayesema mwarobaini unaponya magonjwa arobaini bila kutaka kujua ni yapi, hajamheshimu aliyeupanda.

Ndugu msomaji, hata wazee hawakurithi kila kitu. Mtu wa kwanza aliyeuchimba mzizi ule hakuwa na wa kumwambia kwamba ni dawa. Alijaribu kwa woga, akatazama, akakumbuka, akamwambia mwenzake naye atazame. Ile nayo ilikuwa kupima, kwa mizani aliyokuwa nayo. Tukiupokea mzizi wake na kuiacha kazi yake, tumechukua nusu tu ya urithi, tena ile nusu nyepesi.